Maandishi makubwa, nukta nundu au msomaji: kumchagulia mtoto njia ya kufanyia mtihani

Kila Januari shule zinapofunguliwa, mzazi mmoja au wawili hunijia kwenye kitengo chetu cha elimu maalum hapa Kigoma na swali lilelile: "Mwalimu, huyu mtihani atafanyaje?" Mmoja ana mtoto mwenye ualbino anayesogeza daftari mpaka liguse pua ndipo asome. Mwingine mwanawe haoni kabisa. Mwingine ana mtoto kiziwi, au mwenye mtindio wa ubongo ambaye kalamu haitulii mkononi. Wazazi hawa hawana shaka na akili za watoto wao. Wanaiogopa karatasi.

Miaka hii swali limekuwa zito zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Walioingia darasa la tatu mwaka huo wanamaliza darasa la sita 2027, mwaka uleule ambao darasa la saba la mtaala wa zamani nalo linamaliza. Waliofungua mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, kidato cha kwanza 2024 nao wanafika kidato cha nne 2027. Kwa watoto wengi huo ni msongamano wa mwaka mmoja. Kwa mtoto anayehitaji karatasi ya namna yake, ni mwaka ambao jina lake likikosewa kwenye orodha hakuna atakayepata nafasi ya kulitafuta.

Basi nalinganisha njia zilizopo, kwa ajili ya mzazi au mwalimu anayetakiwa kuamua. Kipimo changu ni kimoja: njia ya mtihani iwe ile mtoto anayoitumia Jumanne ya kawaida darasani. Mengine yote yanakuja baada ya hilo.

Herufi kubwa au nukta nundu

Kwa mtoto asiyeona kabisa hapa hakuna mjadala, ni nukta nundu, yale maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole. Ugumu uko kwa mtoto mwenye uoni hafifu, na darasani kwangu mara nyingi huyo ni mtoto mwenye ualbino. Anaona. Anacheza rede, anamtambua mama yake akiwa mlangoni, anatofautisha noti ya elfu mbili na ya elfu tano. Kwa hiyo kila mtu mzima anaamini kwamba na kusoma atasoma tu.

Faida kubwa ya maandishi makubwa ni kwamba mtoto anabaki kwenye maandishi ya watu wote. Herufi anazosoma kwenye mtihani ndizo zilizo kwenye kibao cha duka, ubavuni mwa behewa la treni na kwenye ujumbe wa simu. Mwalimu yeyote anaweza kumfundisha, yeyote anaweza kumsahihisha, na hakuna mashine ya kuharibika.

Ila maandishi makubwa yako ya namna mbili, na mzazi aulize ni ipi anayopewa. Kuna karatasi iliyopangwa upya kwa herufi kubwa, mistari ikaachiwa nafasi na maswali yakahamia kurasa mpya. Na kuna karatasi ya kawaida iliyopelekwa stationari ikakuzwa kutoka A4 kwenda A3. Hii ya pili inaongeza herufi mara 1.4 tu, ile ya pointi 12 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi) inafika karibu 17. Mtoto anayehitaji pointi 24 bado haioni vizuri, na sasa karatasi imekuwa pana kuliko dawati, inaning'inia pembeni, akifika mwisho wa mstari hajui arudi wapi. Mchoro uliochapwa kwa ukungu umekuzwa pamoja na ukungu wake. Kwenye mitihani ya ujirani mwema, ile ya pamoja ya shule jirani, na ya moko, ile ya majaribio kabla ya mtihani wa taifa, hii ndiyo niliyokutana nayo mara nyingi, na zipo shule ambazo hata hiyo hazitoi. Matokeo yake mtoto anaishika karatasi ya herufi kubwa kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa taifa, siku ambayo mtoto hapaswi kujifunzia kitu kipya.

Halafu kuna kuchoka kwa macho. Watoto wengi wenye ualbino macho yao huchezacheza bila wao kutaka, na mwanga mkali unawaumiza. Nilikuwa na binti mmoja, simtaji jina, aliyekuwa akifanya vizuri kila zoezi fupi. Kwenye moko alipata maswali kumi na matano ya mwanzo karibu yote, kuanzia la kumi na sita akawa kama mtu mwingine. Wakasema hakujiandaa. Siku ya pili nilimketisha chini ya mwembe, nikamsomea yale maswali ya mwisho kwa mdomo. Aliyajibu. Alikuwa anajua. Macho yake yalifunga duka kabla ya yeye kumaliza, na kwa aibu akawa anabahatisha ili afanane na wenzake wanaofunua kurasa.

Tangu hapo simpimi mtoto kwa mstari wa kwanza. Nampa kusoma, namwacha, namrudia dakika ya arobaini. Nahesabu maneno aliyosoma kwa dakika mwanzoni na maneno ya wakati ule, natazama kama anafumba macho, kama analalamika kichwa. Akiwa bado anakwenda, herufi kubwa zinamtosha. Akiwa amepungua hadi nusu, hizo herufi zitamwangusha kwenye karatasi ndefu hata kama anazipenda.

Nukta nundu haichoshi macho. Vidole vinasoma vilevile kwenye chumba chenye giza na kwenye chumba ambacho jua la Septemba linapiga dirishani. Mtoto aliyeijua tangu mdogo anasoma mwenyewe, anarudia sentensi mwenyewe, anajisahihisha mwenyewe, hategemei sauti ya mtu. Uhuru huo ni mkubwa.

Gharama yake nayo ni kubwa. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu ina uzito wa karibu kilo tano, inataka karatasi nene, na ikigoma huku kwetu fundi wake hapatikani kwa urahisi. Ukitumia sleti na stailasi, yaani kibao na kijiti chenye ncha cha kutobolea nukta kwa mkono, unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kugeuza nukta, ili ukigeuza karatasi zisomeke. Mtoto anahitaji miaka ya kuzoea. Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida unazaa kurasa kadhaa za nukta nundu, kwa hiyo kutafuta jibu kwenye habari ndefu ni kazi ya mikono miwili. Michoro ndiyo inayoumiza zaidi: ramani ya Jiografia au sehemu za ua lazima vichorwe kwa mistari inayopapaswa, au swali libadilishwe lipime ujuzi uleule kwa njia nyingine. Swali la picha likiachwa lilivyo, mtoto anapoteza alama kwa kukosa macho, si kwa kukosa elimu.

Mabishano makali niliyowahi kupata juu ya hili yalikuwa na bibi wa yule binti. Nilipoeleza kwamba nataka aanze nukta nundu akiwa darasa la tano, aliniambia, "Mwalimu, mnataka kumfanya kipofu mjukuu wangu." Nilimwamkia tena, nikakaa chini, nikamweleza kwamba hatumwondolei herufi zake, tunamwongezea mlango wa pili. Hakukubali siku ile. Alikubali alipomwona mjukuu akisoma usiku, taa imezimwa, vidole vikitembea chini ya kanga.

Ukiniuliza mstari wa kugawa uko wapi, nitasema hivi. Mtoto yuko darasa la tatu au la nne, macho yanazidi kupungua au hamalizi dakika arobaini: aanze nukta nundu sasa, na herufi kubwa aendelee nazo. Mtoto yuko darasa la mwisho na hajawahi kugusa nukta: msimbadilishe kwa ajili ya mtihani. Nukta nundu ya kujifunza nusu ni mbaya kuliko herufi kubwa za kuchosha. Huyo muombeeni herufi kubwa zilizopangwa upya, muda wa ziada, na kiti mbali na dirisha. Ulizeni pia kuhusu fomu ya kusiliba majibu. Vile viduara vidogo vimewakosesha alama watoto waliojua jibu lakini wakasiliba mstari wa swali la jirani.

Msomaji na mwandishi

Njia ya tatu ni mtu: mmoja wa kusoma swali, au wa kuandika anachosema mtoto, au vyote. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au aliyevunjika mkono, mwandishi ndiye suluhisho la kweli. Kwa mwenye uoni hafifu au asiyeona, mimi naweka msomaji nyuma ya njia mbili za juu.

Sababu yangu ni kwamba msomaji anabeba vitu ambavyo si vya mtoto. Akisoma kwa kukazia jibu moja, ametoa msaada asiotakiwa kutoa. Akisoma kwa kuchoka, ameuondoa. Mtoto anaona haya kumwomba mtu mzima arudie swali mara ya nne, hasa mtoto wetu aliyelelewa asimsumbue mkubwa. Na kuna mvua. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, na Novemba Kigoma mvua ikipiga bati hakuna sauti inayosikika. Nimekaa kwenye chumba ambacho msomaji alilazimika kunyamaza kwa muda mrefu akisubiri mvua ipungue, saa inakwenda. Ukiamua kumtumia msomaji, omba chumba chenye dari na omba muda uliopotea ufidiwe.

Mwandishi anataka mazoezi kuliko watu wanavyodhani. Kutunga insha kwa mdomo ni ufundi wake: mtoto lazima aseme nukta iko wapi, aya inaanzia wapi, jina gani linaanza kwa herufi kubwa. Hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu lazima aeleze namba ipi ikae juu ya ipi. Nimewaona watoto wenye akili sana wakikwama hapo kwa sababu tu walikutana na mwandishi kwa mara ya kwanza kwenye mtihani. Anzeni mihula miwili kabla, na mwandishi wa mazoezi asiwe ndugu. Ndugu anamkamilishia sentensi kwa upendo, halafu siku ya mtihani anakosekana.

Muda wa ziada, na tunachoweza kuona kwa wengine

Huu hauchaguliwi badala ya kitu kingine, unaongezwa juu ya kila njia. Kwa miongozo ya Baraza la Mitihani la Tanzania, mtahiniwa mwenye mahitaji maalum anaongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Karatasi ya Hisabati ya saa tatu inampa saa nzima zaidi. Ya Historia ya saa tatu inampa nusu saa.

Nimelinganisha na Wales, kwa sababu nao wako katikati ya mageuzi kama yetu: vyeti vyao vipya vya GCSE, vya mitihani ya sekondari, vilianza kufundishwa Septemba 2025 na vya kwanza vinatolewa 2027. Kule kiwango kilichozoeleka ni asilimia 25 ya ziada kwa somo lolote, na zaidi kwa mwenye uhitaji mkubwa. Kwa karatasi ya saa tatu hiyo ni dakika 45. Kwa hiyo kwenye Hisabati sisi tunatoa zaidi, theluthi nzima, na hilo nalipongeza kwa moyo wote. Kwenye masomo mengine tunatoa pungufu, karibu asilimia 17, na kwa msomaji wa nukta nundu mwenye habari ndefu ya ufahamu au insha ya Historia, hizo dakika 10 hazitoshi. Mtaala mpya unataka watoto waeleze na kutumia maarifa, maana yake maswali yatakuwa na maelezo marefu ya kusoma. Hapa ndipo ningependa wenye mamlaka waangalie upya.

Kwa mzazi, jambo la kukagua ni dogo: muda wa ziada upewe kwenye mitihani ya shule pia. Mtoto asiyewahi kuongezewa muda hajui kuutumia. Anamaliza pamoja na wenzake kwa mazoea, kisha anakaa nusu saa akiwa amefunika karatasi.

Mtoto kiziwi

Kwake karatasi haibadilishwi sura, na ndiyo maana watu hudhani hahitaji chochote. Mkalimani wa Lugha ya Alama anamweleza maelekezo ya msimamizi, matangazo, marekebisho ya karatasi yanayotolewa kwa mdomo. Bila yeye mtoto anaona midomo ikicheza na wenzake wakifuta kitu asichokijua. Kwa hiyo kati ya kuwa na mkalimani na kutokuwa naye sioni cha kulinganisha. Cha kuchagua ni mkalimani yupi. Alama za shule moja zinaweza kutofautiana na za shule nyingine, na mkalimani mgeni aliyefika asubuhi ya mtihani anaweza asieleweke. Akutane na watoto siku chache kabla. Na mazoezi ya kusikiliza, imla kwa mfano, lazima yawe na badala yake, kwa sababu kumpima kiziwi kwa kusikia si kumpima.

Bweni Tabora au kitengo karibu na nyumbani

Wazazi wa Kigoma wenye watoto wasioona au viziwi mara nyingi wanaelekezwa Tabora, na kuna sababu. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa 1963 na ndiyo ya kwanza ya viziwi nchini. Shule ya Msingi Furaha, nayo Tabora, inajulikana kwa wanafunzi wasioona. Katika shule za aina hii mtoto si mmoja peke yake. Anasoma na wanaosoma kama yeye, walimu wanazijua nukta au alama kama wanavyolijua jina lao, na karatasi maalum siku ya mtihani ni jambo la kawaida, si dharura ya mtoto mmoja.

Upande wa pili ni treni ya usiku na mtoto wa miaka saba. Ni kumwona muhula hadi muhula. Mtoto kiziwi akirudi likizo nyumbani ambako hakuna anayejua alama, anakuwa mgeni kwa mama yake. Kitengo ndani ya shule ya kawaida kinamwacha alale kwao, acheze na watoto wa mtaa, akue akijulikana. Kwa watoto wenye ualbino hilo lina uzito wa pekee hapa kwetu. Kabanga, Kasulu, palikuwa kimbilio lao wakati wa wimbi la mauaji ya miaka ya 2007 na 2008, na wapo waliokua pale mbali na ndugu zao kwa sababu ya usalama. Familia inayoweza leo kumlea mtoto wake nyumbani kwa amani ina kitu cha thamani, nisingeharakisha kukiachia.

Kwa jicho la mtihani peke yake, naamua hivi. Mtoto asiyeona kabisa au kiziwi ambaye kitengo cha karibu hakina mwalimu wa nukta nundu au wa alama kila siku: Tabora, na mapema, kabla ya darasa la tatu. Mwenye uoni hafifu au ulemavu wa viungo: abaki karibu, mradi shule ikubali kumpangia karatasi yake kila mtihani. Msikubali ahadi ya mdomo. Ombeni kuona karatasi ya muhula uliopita iliyotolewa kwa mtoto kama wake.

Mkondo wa amali

Hapa nina furaha na nina wasiwasi. Nina furaha kwa sababu mtaala mpya unapima anachoweza kufanya mtoto, na upimaji unaofanyika kidogo kidogo unampunguzia uzito wa siku moja mtu ambaye mwili wake haitabiriki siku hiyo utaamkaje. Kijana kiziwi kwenye karakana ya useremala au ushonaji anafanya kazi kwa macho na mikono, na wengi wanang'ara.

Wasiwasi ni kwamba mpangilio maalum tumezoea kuufikiria kwa karatasi. Meza ya karakana iliyojengwa kwa anayesimama haimfai aliye kwenye kiti mwendo. Futi kamba isiyo na alama za kupapasa haimsaidii asiyeona kupima ubao. Kazi za darasani zinapokuwa sehemu ya upimaji, basi kila jaribio la wiki linatakiwa liwe na herufi kubwa, nukta au mwandishi wake, na mzigo huo umeangukia kwa mwalimu mmoja mwenye darasa limejaa. Kwa hiyo kabla mzazi hajachagua kati ya mkondo wa jumla na wa amali, aende karakana na mtoto wake. Amwache aguse vifaa, akae kwenye meza, ajaribu. Nusu saa ile itasema zaidi ya maelezo yangu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 iko upande wa mtoto, na mkuu wa shule akikumbushwa kwa heshima mara nyingi hupata fundi wa kukata miguu ya meza.

Kinachotakiwa kufanyika muhula huu ni hiki. Mpeleke mtoto apimwe macho au masikio hospitali, upate maandishi ya daktari. Yapeleke kwa mwalimu mkuu, nakala kwa afisa elimu maalum wa halmashauri. Majina ya watahiniwa yanasajiliwa kupitia shule miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe, na aina ya mahitaji inaandikwa pamoja na jina. Omba uonyeshwe mstari wa mtoto wako kwenye orodha. Kama ni herufi kubwa, paandikwe uoni hafifu, si asiyeona, kwa sababu bahasha itakayokuja itafuata neno hilo. Na kama nafasi hiyo iko wazi, usirudi nyumbani kabla haijajazwa.